Sotoka na Nyasi za Serengeti

Mwenye kutaka kujua sababu ya viumbe kugombea riziki asianze na meno ya simba. Na aanze na nyasi. Thomas Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula chao. Charles Darwin aliisoma insha hiyo mwaka 1838, akatambua kuwa neno lile lawahusu wanyama na mimea kuliko linavyowahusu wanadamu, maana mnyama halimi shamba wala haweki akiba ghalani. Kila kizazi huzaa zaidi ya nafasi iliyopo, na nafasi haizai. Hoja hii ni nyepesi kutamka, lakini ni ngumu kuionyesha kwa macho. Kwani ni nani awezaye kuondoa kizuizi kimoja katika nchi nzima, kisha akaketi kungoja litakalotokea? Katika Afrika ya Mashariki jambo hilo lilitendeka, wala hapakuwa na mtu aliyelikusudia.

Mwaka 1887 sotoka iliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitalia. Ilipofika mwaka 1891 ilikuwa imekwisha enea Umasaini, na mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiosimulika; penye mia walisalia kumi, na mahali pengine hata kumi hawakupatikana. Wamasai, ambao uhai wao ulitegemea maziwa ya mifugo, walishikwa na njaa, na ndui ikaja juu ya njaa. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta watu waliobaki mifupa mitupu wakiomba chakula katika kambi yake. Nyati na nyumbu nao waliangamia. Hata wimbi la kwanza lilipopita, ugonjwa haukuondoka. Ulirudi tena na tena kuwashika ndama wa nyumbu, mara ile kinga waliyoipata kwa mama zao ilipokwisha. Hivyo kwa muda wa miaka sabini sotoka ilikuwa kama mlinzi mlangoni: waliozaliwa walikuwa wengi, walioruhusiwa kukua walikuwa wachache.

Wengi walidhani siku zile kwamba wanyama wa porini ndio hazina ya ugonjwa, na ng'ombe ndio waambukizwao. Mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipochanjwa katika miaka ya 1950 na baadaye, sotoka ilitoweka kwa nyumbu kufikia mwaka 1963, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Mlinzi akaondoka mlangoni. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa yapata 260,000. Mwaka 1965 walikaribia 440,000. Mwaka 1977 walipita 1,300,000. Nyati nao waliongezeka sana. Lakini punda milia, ambao hawapatwi na sotoka, walibaki karibu 200,000 kama walivyokuwa. Kwangu mimi, hesabu ya punda milia ndiyo shahidi mkubwa: yatuonyesha kuwa kilichobadilika ni maradhi, si nchi yenyewe.

Kisha ongezeko likasimama. Kwa nini lisimame? Simba na fisi walikuwapo, lakini nyumbu huhama, na simba mwenye watoto wadogo hawezi kufuata kundi mwaka mzima; kwa hiyo nyama waliyoila ilikuwa sehemu ndogo tu ya kundi lile. A. R. E. Sinclair na wenzake walipochunguza mizoga ya kiangazi, waliona kuwa wengi walikufa wakiwa wamedhoofika kwa uhaba wa lishe. Kadiri nyumbu walivyozidi, ndivyo fungu la nyasi mbichi la kila mmoja lilivyopungua, na ndivyo vifo vya kiangazi vilivyozidi. Mwaka 1993 ukame mkali ulipokuja, kundi lilishuka chini ya milioni moja, likapanda tena baadaye. Njaa ilikuwa imekalia kiti kilichoachwa na sotoka.

Hapa lugha yetu yatutega kidogo. Tusemapo mashindano twafikiri ngoma mbili au timu mbili, kila upande ukimtazama mwenzake. Tusemapo kugombea twaona mikono miwili juu ya kitu kimoja. Nyumbu alaye nyasi mwezi wa Agosti hamjui nyumbu atakayekufa Septemba kwa kuzikosa. Hapana chuki, hapana hata kuonana. Mmoja amekula, basi, na mwingine amefika pamekwisha liwa.

Wala kula kwa mmoja si hasara kwa mwingine siku zote. Punda milia, kwa jinsi tumbo lake lilivyo, aweza kuishi kwa mabua magumu. Huyala, akamfungulia nyumbu majani ya chini. Na nyumbu akiisha pita, swala tomi hufuata machipukizi mafupi. Tena nyasi zilipoliwa sana, moto wa kiangazi ulikosa kuni, na miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata kukua. Mti wa mgunga uliosimama leo katika Serengeti huenda una deni kwa sindano aliyochomwa ng'ombe.

Lakini deni jingine lilimwangukia mwenye ng'ombe huyo. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa katika Hifadhi ya Serengeti, wakaachiwa nchi ya Ngorongoro pamoja na wanyama wake. Nyumbu huzalia katika uwanda wa nyasi fupi, mwezi wa Februari hasa, penye udongo wa majivu ya volkano na malisho yenye chumvi nyingi za mwili. Ndama wao hubeba virusi visivyowadhuru wao, lakini ng'ombe avipataye hufa kwa homa isiyo na dawa; W. Plowright na wenzake walivitambua virusi hivyo kwa nyumbu mwaka 1960. Wamasai walikuwa wakijua tangu zamani kuwa ng'ombe hawachanganywi na nyumbu wazaao. Nyumbu walipokuwa wachache, palikuwa na nafasi ya kupishana. Walipofika milioni, uwanda wote ulijaa. Na mfugaji, ambaye mifugo yake ilichanjwa ili isife kwa sotoka, huwaswaga ng'ombe wake kupanda milimani wakati ule ule nyasi za bondeni ziwapo tamu kuliko wakati wowote wa mwaka.