Mkwe Mezani

Ndugu msomaji, hujawahi kumwona baba yako akiinuka mezani na kuacha chakula kinafuka moshi? Basi ngoja nikusimulie.

Tulishuka stendi ya Tukuyu jioni, mimi na mke wangu, mabegi mgongoni kama watalii. Mvua inanyesha. (Tukuyu bwana, mvua haina likizo.) Mwenzangu ni mtu wa Tanga, na ndoa tulifungia huko huko; upande wetu walikuja baba wadogo tu. Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwetu. Mama kaandaa mbalaga, ndizi zetu zile na nyama, pamoja na maziwa ya mgando. Mke wangu akatunawisha mikono, kisha akavuta kiti, akakaa mkabala na mzee.

"Shikamoo baba."

Mzee hakuitikia. Aliinamisha uso, akainuka, akatoka nje kwenye mvua ile ile.

Na mimi niliyezaliwa pale? Sikuwa nimemwambia mke wangu kitu. Nilidhani mambo ya mkwe kumkimbia mkwe yalizikwa na bibi yangu. Usiku ule alilia kimya kimya, nami nikajifanya nimelala.

Asubuhi mama akamchukua sokoni. Walirudi na matope hadi magotini, mkungu wa ndizi, magimbi, maparachichi, na nazi moja. Nazi Tukuyu! Mama alisema walizunguka soko zima kuitafuta, na bei yake kwa Tanga ungepata tatu. Mchana mke wangu akapika ndizi kwa tui. Mama alionja, akakunja uso, akaonja tena. Kisha akafunika bakuli akampelekea mzee, aliyekuwa nje na jirani yake wa rika moja. Bakuli lilirudi tupu, na salamu: "Ndaga." Yaani asante. Lakini mezani mzee hakurudi hadi tulipoondoka.

Niliporudi Dar rafiki yangu mmoja akaniazima kitabu, *Good Company*, kilichotolewa mwaka 1951. Mwandishi ni Monica Wilson, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mumewe, Godfrey, alianza utafiti Unyakyusa mwaka 1934. Walioana mwaka 1935, naye akamfuata huko. Walikaa hadi mwaka 1938, mume na mke ugenini, wakiuliza watu maswali ambayo mimi sikuwahi kumwuliza babu yangu: nani anakula na nani, na kwa nini?

Majibu yalinitoa jasho. Zamani watoto wa kiume walipofika miaka kumi hivi walihama kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao kando ya kijiji. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa kundi: leo kwa mama yako, kesho kwa mama yangu. Wakikua wakaoa, vibanda vile vinakuwa kijiji kamili cha rika moja. Wanaume wanakula na wenzao wa rika, wanawake wanakula na watoto. Baba yuko kijiji chake, mwana chake. Mambo ya unyumba ya baba na ya mwanawe hayakutakiwa kukaribiana hata kidogo, na kwa sababu hiyo mke wa mwana hakumtazama baba mkwe usoni. Akimwona njiani, anaiacha njia.

Na ole wake anayechinja bila kuita majirani. Iliaminika kuwa manung'uniko yao, ile pumzi ya watu, yangemletea baridi mwilini na ugonjwa. Mkwe asiye na heshima naye pumzi hiyo ilimpata.

Sasa fikiria. Katika mpango ule mzee wangu asingekuwa na haja ya kuinuka, kwa sababu meza yenyewe isingekuwepo! Meza ya baba, mama, mwana na mkwe ni ngeni kuliko mke wangu. Nadhani tuliipata kwa wamisionari, Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 na wale wa Berlin waliokuja mwaka huo huo. Mzee wangu ni mzee wa kanisa. Meza aliipokea, mkwe wa kukaa nayo hakupewa maelezo.

Nilimsomea mke wangu habari hizi jioni moja, tukila wali kwenye sinia moja. Akauliza huyo Godfrey aliishia wapi. Nikamwambia alifariki mwaka 1944, na kitabu hiki kinachohusu watu kula pamoja aliandika mjane, kutoka kwenye kumbukumbu walizokusanya wawili.

Alinyamaza kidogo, akasogeza nyama upande wangu.

"Desemba tukienda," akasema, "mimi nitakula jikoni na mama. Wewe utakaa wapi?"

Bado sijamjibu.