Mboni ya jicho hujifunza hofu upesi kuliko mwanga

Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, ngurumo si jambo geni. Eneo hilo ni miongoni mwa yale yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mvua hiyo huyachana majani ambayo mkulima alitarajia kuyapeleka kiwandani. Si ajabu basi kwamba mchumaji aliyewahi kunusurika radi hushtuka aonapo tu mwale wa umeme angani. Mshtuko huo huonekana hata katika mboni zake.

Mboni ni tundu jeusi lililo katikati ya jicho. Upana wake hubadilika kati ya takriban milimita 2 na 8, ukiongozwa na misuli miwili isiyotii amri ya mwenye jicho. Mmoja huibana mboni mwanga unapozidi. Wa pili huipanua gizani, au mtu anapopatwa na maumivu au hofu.

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate kwa ishara tu, iwapo ishara hiyo imezoea kutangulia chakula. Je, mboni ya binadamu nayo yaweza kufundishwa hivyo?

Mwaka 1922, mtafiti Mmarekani Hulsey Cason alijibu kuwa yaweza, baada ya kuambatanisha mlio wa kengele na mwanga. Mwaka 1933, C. V. Hudgins alidai kwamba hata neno lingeweza kuibana mboni. Hata hivyo, watafiti kadhaa waliorudia majaribio hayo hawakupata matokeo kama hayo. Mnamo 1957, Arnold Gerall na wenzake walitumia mshtuko wa umeme badala ya mwanga. Safari hii mboni ilijifunza: ilianza kupanuka kwa ishara iliyotangulia mshtuko.

Kutokana na hayo, inaelekea kwamba mboni hushika kwa urahisi zaidi funzo la hatari. Lakini tahadhari inahitajika. Wingu zito hupunguza mwanga, na giza pekee hupanua mboni. Anayetaka kupima hofu hana budi kwanza kuhakikisha kuwa mwanga haukubadilika.

Aidha, hofu ya namna hii si woga wala udhaifu wa tabia, kwa kuwa haikuchaguliwa. Hupungua mtu anapokutana na ishara mara nyingi mahali salama bila kudhurika, ingawa yaweza kurejea baadaye. Kwa aliyeathirika sana, msaada wa mtaalamu wa afya ya akili hufaa kuliko kukemewa. Ama radi yenyewe, hiyo ni hatari ya kweli: ingurumapo, mchumaji na aache kikapu na kuingia ndani ya jengo.