Gazeti Lilikuwa Linauzwa Wapi?

Historia ya magazeti yetu huandikwa kwa majina ya wahariri na wenye mitambo: nani alianzisha, mwaka gani, alifungiwa kwa kosa gani. Sawa, yote hayo yana haja. Ila kuna swali la mtaani ambalo mabingwa wetu hulipita kama daladala iliyojaa: hilo gazeti mtu alilipata wapi?

Chukua Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza kutolewa na serikali ya kikoloni Dar es Salaam mwaka 1923. Wasomaji wake wengi walikuwa makarani, walimu na wanafunzi, yaani watu wa karibu na ofisi, shule au posta. Asiyejua kusoma alisomewa. Sasa angalia jambo hili, hasa wewe unayejifunza kutunga. Mambo Leo lilikuwa na kurasa za mashairi, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapwa humo. Mtu yuko Tanga anatoa shairi, mwingine yuko Tabora analijibu. Malumbano ya namna hiyo hayaendi kama toleo halifiki. Aliyelikosa toleo la mwezi ule hakujua kama amejibiwa, amesifiwa, au ametukanwa kwa vina na mizani! Kwa maoni yangu, mahali pa kulipata gazeti palikuwa sehemu ya utunzi wenyewe, sawa na kalamu na wino.

Mwaka 1937 likaja Kwetu la Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam. Watu husema habari za siasa yake, nami sipingi. Kinachonifurahisha mimi ni hilo duka. Gazeti la mwanzo la Mwafrika kulimiliki Tanganyika lilitoka mikononi mwa mtu aliyejua kuwa bidhaa isipomfikia mnunuzi ni hasara tu, bwana.

Ngurumo lilizaliwa 1959, Uhuru mwaka 1961. Halafu mambo yakabana. The Standard lilitaifishwa 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Ngurumo lilikufa 1976, mwaka uleule wa Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ukitaka gazeti la kila siku Tanzania Bara ulikuwa na Uhuru la chama na Daily News la serikali. Muuzaji alikuwepo, meza ilikuwepo, ila hukuwa na la kuchagua isipokuwa lugha.

Basi ndiyo maana miaka ya tisini ilitutia wazimu. Vyama vingi viliruhusiwa 1992; mwaka uliofuata tukapata Rai na Majira, na mengine yakamiminika, mazito na ya udaku. Posta, Kariakoo, Mnazi Mmoja, stendi ya Ubungo, kote magazeti yalipangwa chini na kuwekewa mawe yasipeperuke. Mbele yake wamesimama walalahoi, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele bure. Muuzaji anafoka: "Jamani, nunueni basi!" Hawaondoki. Mmoja anasoma kichwa cha habari kwa sauti, wa pili anasema uongo huo, wa tatu aliyevaa tai anaingilia. Hawajuani hata kidogo, na kesho hawatakutana. Pale ndipo wengi wetu tulipojifunza kubishana na mtu mzima bila kutukanana. (Wengine, kusema kweli, walijifunza kutukana.) Na lile lisilouzwa halikupotea: lilifungiwa maandazi, nasi tukalisoma likiwa na mafuta.

Fungia-fungia nayo ilionekana palepale mezani. Mawio lilipofungiwa miezi 24 mwezi Juni 2017, na MwanaHALISI miezi 24 Septemba hiyohiyo, mnunuzi hakuhitaji kusoma tangazo la serikali. Aliona pengo. Leseni zilirudishwa Februari 2022, lakini kufikia hapo wasomaji wengi walikuwa wameshahamia kwenye simu. Kwenye simu kila mtu anasoma lake, ameinama. Hakuna wa kukuchungulia begani na kukwambia umeelewa vibaya. Mimi hilo linaniuma kuliko bei ya karatasi.

Hata stendi imehama: mabasi ya mikoani yaliondoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, na wateja wa asubuhi wakaondoka nayo.

Ukitaka gazeti la leo, amka mapema, tafuta kituo chenye watu wengi. Ukitaka la zamani, meza haitakusaidia. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au panda hadi Chuo Kikuu, Mlimani, kitengo cha East Africana. Omba Mambo Leo, ruka habari za bwana shauri, fungua kurasa za mashairi. Beba daftari.