Fanya juu, fanya chini

Ukifungua miongozo ya hifadhi ya udongo ya FAO, katikati ya lugha ya wataalamu utakutana na maneno ya Kiswahili ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatafsiri: fanya juu. Hata Ethiopia, wasikozungumza Kiswahili, mabwana shamba huyatamka hivyo hivyo. Ni maneno ya amri, na historia yake imejaa amri.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unachimba mtaro unaokata mteremko, ukifuata mstari ulio sawa kwa kimo, kisha udongo unaoutoa unautupa upande wa juu. Lile tuta linakamata maji ya mvua, na tope lililoteremshwa na maji linatua nyuma yake. Miaka michache baadaye shamba lililokuwa limeinama limeanza kulala, limekuwa ngazi, na hakuna aliyelisawazisha kwa jembe. Ukiutupa udongo upande wa chini, hiyo ni fanya chini. Mgongo unapata nafuu, maana udongo unashuka wenyewe, lakini ngazi ya namna ile huipati. Siri ya fanya juu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi anaifanya kibarua asiyelipwa: maji.

Kibarua huyo aliajiriwa zamani. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, Tanzania, Engaruka ina mashamba ya mawe yanayokadiriwa kufika hekta 2,000, yaliyolimwa tangu karibu karne ya 15 hadi ya 18. Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883, Hans Reck akayaandika mwaka 1913, na Louis Leakey akaja mwaka 1935. Wageni hao wa mwanzo walivutiwa zaidi na vijiji na idadi ya watu waliowahi kuishi humo. Ilibidi ipite miaka mingi kabla ya wanaakiolojia, Daryl Stump miongoni mwao, kuchimba mashamba yenyewe na kuuchunguza udongo wake. Waligundua kwamba baadhi ya mashamba hayakuwapo hapo awali: yalitengenezwa. Wakulima walipanga mawe makavu, bila chokaa wala udongo wa kushikisha, wakaelekeza maji ya mifereji nyuma ya kuta hizo, na maji yakaleta tope. Tope lilipojaa, wakapandisha mawe mengine. Nchi kame ile ilipata udongo wa kulima kwa kuuomba kutoka mlimani kidogo kidogo.

Wamatengo wa Mbinga walipita njia nyingine. Katikati ya karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma kwenye milima mikali, wakalazimika kulisha watu wengi kwenye ardhi finyu na iliyosimama. Ngoro ndiyo iliyowaokoa. Mwishoni mwa masika nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote ukafanana na wavu wa miraba, kila mraba kama mita 2 kwa 2. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Matokeo ni matuta yenye mboji tumboni, na shimo kila katikati. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata msimu unaokuja, magugu hutupwa shimoni yaoze. Mvua ikinyesha, kila shimo linameza sehemu yake, kwa hiyo maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kukimbia. Mzunguko ukiisha, mashimo mapya huchimbwa palipokuwa na matuta, na udongo wote wa shamba hupinduliwa bila kuhama mlima.

Serikali ya mkoloni iliyajua haya. Mwaka 1938 A. H. Pike aliieleza kazi ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ndiyo maana yaliyotokea Uluguru miaka kumi na kitu baadaye yananikera kila ninapoyasoma. Kuanzia mwaka 1950 Waluguru walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi. Hawakuachiwa wayasubiri yajengwe na maji. Walitakiwa kuukata mlima na kuusawazisha papo hapo. Udongo wenye rutuba huko ni mwembamba, na jembe likishuka zaidi linaibua udongo mkavu usiootesha kitu. Isitoshe, ngazi bapa hunywesha mlima maji mengi kuliko unavyoweza kuyabeba, na mteremko ulioloa ndio unaoporomoka. Waluguru walikuwa na utaratibu wao wa ngazi ndogo ndogo, wakifukia magugu na mabua ndani yake, lakini hakuna aliyewauliza. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi za polisi, na mpango ukafa. TANU, chama cha kudai uhuru kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilivuna pale ambapo matuta hayakuvuna kitu.

Tarehe 23 Februari 1970 mlima ulitoa somo lake wenyewe. Mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta, huko huko Uluguru, kwa muda usiofika saa 3, na miteremko ikaachia mamia kwa mamia ya maporomoko. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp waliyahesabu: karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi, machache mno kwenye miti.

Machakos, Kenya, nako amri ilishindwa kwanza. Mwaka 1938 serikali ilipotaka kupunguza ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi, na baadaye akafungiwa Lamu. Matuta ya lazima yalifuata baada ya Vita Kuu ya Pili. Uhuru ulipofika mengi yaliachwa. Kisha, miaka ya 1970, vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vingi vikiwa vya wanawake, vikashika majembe, safari hii wakichagua fanya juu, wakapanda mabingobingo juu ya tuta ili mizizi ilishike na ng'ombe wapate majani. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ukapungua. Huko Kondoa, Tanzania, mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO ulianza mwaka 1973 kwa mitambo ya kuchonga makinga maji. Nyasi zilirudi kwa kasi baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979, na hilo lilikuwa na gharama yake kwa wafugaji.

Na ngoro za Wamatengo zenyewe sasa zinakimbiwa. Kahawa imechukua mashamba ya karibu na nyumba na muda wa wanaume, ambao kwa desturi ndio wanaofyeka na kulaza nyasi. Kuchimba ni kazi ya wanawake. Kwa miraba ya mita 2 kwa 2, hekta 1 ina mashimo 2,500, na yote ni ya jembe la mkono.