Aumônier wa hospitali: akifika kwenye kitanda, haimaanishe kwamba unakufa

Ni jambo linaloonekana sana katika hospitali zetu, kuanzia Bunia mpaka Uvira. Mutumishi wa Mungu anaingia katika chumba cha wagonjwa, anasimama karibu na kitanda cha mama fulani, na palepale familia inaanza kulia. Wanafikiri munganga ameshindwa. Wagonjwa wengine wanageuza uso ku ukuta. Hofu hiyo inawanyima musaada.

Aumônier ni nani?

Ni pasta, padri, sista ao mulei aliyetumwa na kanisa lake kusindikiza wagonjwa, familia zao, na hata wauguzi. Hapa mashariki hospitali nyingi ni za makanisa: Katoliki, ao jumuiya za Kiprotestanti kama CBCA na CEPAC. Mugonjwa Muislamu naye anaweza kuomba imamu aitwe.

Hofu ilitoka wapi?

Kwa karne nyingi, katika Kanisa Katoliki, mpako ulipewa sanasana mutu aliye karibu kukata roho. Uliitwa mpako wa mwisho. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo VI alitengeneza upya sakramenti hiyo mwaka 1972, na sasa inaitwa mpako wa wagonjwa. Mutu anaweza kupakwa mafuta mbele ya operesheni kubwa, apone, arudi nyumbani. Lakini wazee wetu walizoea kuona padri akifika usiku na mafuta, asubuhi matanga. Picha hiyo ilibaki.

Anafanya nini?

Kazi ya kwanza ni kusikiliza. Kijana aliyekatwa muguu juu ya risasi, mama aliyepoteza mutoto wakati wa kuzaa, binti aliyebakwa: hawa hawahitaji mahubiri marefu. Aumônier anaikala, anauliza jina, anaacha mutu aongee ao anyamaze. Akiombwa kusali, anasali kwa sauti ndogo, sababu kwenye kitanda cha pili kuna mutu wa dini ingine. Siri anayoambiwa haitoke hapo.

Kukiwa kifo, anasindikiza familia. Na kama mugonjwa amepona lakini anazuiliwa juu ya fakitire, aumônier anaweza kumuombea kwa wakubwa wa hospitali.

Tulichojifunza wakati wa Ebola

Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2.200, sanasana Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kushika maiti kulikatazwa, na kwetu kumuaga mutu bila kumugusa ni kama kumutupa. Familia zingine zilikasirika, zingine zilificha wagonjwa. Watumishi wa Mungu walisali wakisimama mbali na kaburi, huku watu wenye nguo za kujikinga wakishusha sanduku. Maombi hayakuhitaji mukono juu ya maiti. Pale familia ilipoelewa hilo, mazishi yalipita bila fujo.

Maombi na dawa

Hapa ndipo kuna hatari kubwa. Kuna wagonjwa wanaotoka hospitali na kwenda katika chumba cha maombi, na huko wanaambiwa waache dawa za SIDA, za sukari ao za kifua kikuu. Wanarudi wakiwa wamechelewa, na wengine hawarudi.

Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mutoto wa pasta wa Bukavu. Amesimulia kwamba akiwa mutoto alifuatana na baba yake kuombea mutoto mugonjwa. Akamuuliza sababu gani hamupatie dawa. Baba akajibu kwamba hiyo ni kazi ya munganga. Kijana akaamua: baba ataomba, yeye atatoa dawa.

Aumônier wa kweli anafuata njia hiyo: haambie mutu aache dawa, na hamulazimishe kubadili dini.

Ukiwa na mugonjwa

Uliza muuguzi namna ya kumuita aumônier, na usingoje siku ya mwisho. Mugonjwa akikataa, hiyo ni haki yake. Mutu akiingia na kuomba feza mbele ya kusali, ambia wauguzi.

Na siku aumônier atasimama karibu na kitanda cha ndugu yako, usianze kulia. Mupe kiti.