Mji Mkubwa Uliohama: Safari za Kibiashara za Watu wa Kilimanjaro

Historia ya uchumi wa Kilimanjaro imeandikwa zaidi kupitia kahawa, ushirika na utawala wa wamangi, yaani watawala wa jadi wa Wachaga, ilhali safari ya mfanyabiashara mwenyewe, anayeshuka mlimani akiwa na fedha chache na kurudi na mzigo, imeachwa kuwa jambo la kutajwa kwa kupita. Uzoefu wa leo humfanya msomaji adhani kwamba mji mkubwa wa mtu wa Moshi umekuwa Dar es Salaam tangu zamani. Sivyo: kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mji huo ulikuwa Mombasa na Nairobi, na ulihamia kusini kwa sababu ya reli, mpaka na sera za biashara, huku karaha na raha za safari zikibadilika kila ulipohama.

Katika karne ya 19 mji ndio uliopanda mlima. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani kutoka Pangani na Mombasa ilifika kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ikipumzika Taveta kabla ya kuingia katika himaya za wamangi waliokuwa wakishindana wao kwa wao. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima huu mwaka 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia hiyo vyema. Aliyengoja wakati huo alikuwa mgeni, kwa kuwa bila kumridhisha mangi kwa hongo, yaani malipo ya kupitishwa katika nchi yake, hakuna kilichouzwa wala kununuliwa. Mmisionari Charles New, aliyerudi Old Moshi katikati ya miaka ya 1870, alinyang'anywa mali yake na Mangi Rindi, akafariki mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Rindi huyohuyo alituma wajumbe hadi Berlin mwaka 1889, safari ambayo ingawa ilikuwa ya siasa, haikukosa biashara ndani yake, maana mangi aliyetafuta urafiki wa wenye nguvu alitafuta pia silaha na bidhaa zao. Wanawake, ambao ndio walioendesha masoko ya mlimani kwa ndizi, maharage na magadi, hawakuuhitaji mji wowote kwa biashara yao, na jambo hilo lingestahili utafiti mkubwa kuliko uliokwisha kufanywa.

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kama historia ingefuata mstari ulionyooka, Tanga ingekuwa mji mkubwa wa Kilimanjaro. Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga mpango huo. Waingereza, wakihitaji kusafirisha askari na zana, walijenga njia kutoka Voi kupitia Taveta, ikaungana na reli ya Tanga huko Kahe mwaka 1916, na amani iliporudi sehemu kubwa ya mizigo ya Moshi ikaanza kuelekea bandari ya Mombasa. Kwa kuwa Kenya na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1920, mfanyabiashara aliyevuka mpaka hakuhitaji kubadilisha fedha, na kwake Mombasa ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, ambayo reli ya kaskazini haikuifikia kabisa.

Waliosafiri walikuwa na sababu iliyoanzia shambani. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, kwa desturi kilirithiwa zaidi na mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho, na ardhi ilipobana, watoto wa kati walilazimika kujitafutia riziki kwingine. Mtaji wao mara nyingi ulitoka kwenye kahawa: wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilicholipa kwa awamu, malipo ya kwanza wakati wa kukabidhi kahawa na nyongeza baada ya mauzo. Nyongeza ilipofika ndipo safari ilipopangwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya daraja la tatu, kwenye mabenchi ya mbao, katika joto la tambarare ambalo mtu aliyezoea ubaridi wa Kibosho au Marangu alilistahimili kwa shida. Mjini, hoteli zilizokuwa na starehe hazikumpokea Mwafrika. Alilala kwa jamaa au alikodi chumba katika nyumba za Kiswahili za Majengo mjini Mombasa au Pumwani mjini Nairobi, ambako ukumbi mmoja mrefu ulitenganisha vyumba vya wapangaji na kila mmoja alisikia mazungumzo ya mwenzake. Biashara ya jumla ilikuwa zaidi mikononi mwa Waasia, na mnunuzi mdogo asiyejulikana aliuziwa kwa fedha taslimu tu. Hata hivyo ukumbi huohuo ndio uliompa habari za bei, chai ya maziwa yenye iliki na mahamri ya asubuhi, na anasa ya kukaa siku mbili tatu bila mzee wa ukoo wa kumuuliza alikokuwa.

Moshi nao ulikuwa mji mkubwa kwa watu wa vijijini, jambo ambalo KNCU ililielewa kuliko serikali ya kikoloni. Jengo lake kubwa la miaka ya 1950 lilikuwa na hosteli kwenye ghorofa za juu, ambako mwanachama kutoka Rombo au Machame aliyekuja kushughulikia kahawa yake aliweza kulala kwa heshima. Kwa mkulima aliyewahi kulala sakafuni kwa binamu, kitanda chenye shuka nyeupe katika nyumba iliyojengwa kwa kahawa yake mwenyewe hakikuwa jambo dogo.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1963, reli ya Tanga ilipounganishwa na reli ya kati kwa kipande cha kutoka Mnyusi hadi Ruvu, na hivyo Moshi ikapata njia ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam. Sarafu zikatengana mwaka 1966. Mwaka 1976 ulileta Operesheni Maduka, yaani kampeni ya kufunga maduka ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwamo, vikavunjwa. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inasambaratika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Nairobi ikawa ghafla mji wa magendo, ukifikiwa kwa njia za panya za Holili na Tarakea, huku Dar es Salaam ikiwa mji wa vibali, ambako mtu angeweza kwenda ofisi ileile mara kadhaa na kuambiwa arudi kesho. Karaha haikuwa tena joto la tambarare bali foleni, na raha ilikuwa kupata sabuni, mafuta ya kula na vitenge katika safari moja. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwaandama walanguzi wakubwa na wadogo kwa pamoja.

Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, basi lilichukua nafasi ya treni, na Kariakoo, eneo la soko jijini Dar es Salaam, ikashika nafasi iliyowahi kuwa ya Mombasa. Hapa ndipo palipozaliwa safari ambayo Watanzania wengi wanaifahamu: tiketi ya alfajiri, wapiga debe wanaogombania begi la abiria, machungwa yanayouzwa madirishani Segera na Korogwe, na konda anayetangaza dakika chache za kuchimba dawa, kwa maana ya abiria kujisaidia vichakani, wanaume upande mmoja wa barabara na wanawake upande wa pili. Mfanyabiashara wa mitumba au vyombo wa Moshi alilala gesti karibu na Kariakoo, akaamka kabla ya maduka ya jumla kufunguliwa, akabishana kuhusu bei hadi mchana, kisha akabishana upya na konda kuhusu gharama ya mzigo unaoingia kwenye buti. Kilichomfariji zaidi pengine kilikuwa sahani ya mtori au machalari, vyakula vya ndizi vya kwao, katika mgahawa wa mwenzake wa mlimani, kwa kuwa watoto wa kati wa vihamba walikuwa wamekwisha kuwa wenye maduka Dar es Salaam, na mgeni alipata kwao kile ambacho watangulizi wake hawakukipata Mombasa: mkopo wa bidhaa kwa kuaminiana.

Disemba safari hugeuka. Wenye maduka hao hupanda kwao kwa wingi kiasi kwamba mabasi hujaa na Watanzania wengine hutania kuwa Wachaga wamekwenda kuhesabiwa, na anayehitaji kushuka Dar es Salaam kununua mzigo wakati huo huweza kukuta duka la jumla alilolitegemea limefungwa, mwenyewe akiwa Marangu.

Treni ya abiria ilirejea Moshi Disemba 2019 baada ya kukosekana kwa robo karne. Kituo cha mabasi ya mikoani cha Dar es Salaam kilihamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, kikamwongezea mnunuzi wa Kariakoo safari nyingine ndani ya safari, na mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku. Fedha hutumwa kwa simu, mzigo hupakiwa kwenye basi bila mwenyewe kuwapo, na kwa bidhaa zenye chapa na bei inayojulikana safari nyingi hazifanyiki tena. Kwa vitambaa na mitumba bado zinafanyika, kwani mnunuzi hataki kulipia robota ambalo hajaligusa.