Kiangazi cha 1874: Wanawake wa kanisa waliokutana kando ya ziwa

Mwezi Agosti mwaka 1874, meli ndogo za mvuke zilikuwa zikivuka Ziwa Chautauqua, magharibi ya jimbo la New York nchini Marekani, zikishusha watu mahali palipoitwa Fair Point. Walikuja na mabegi, Biblia na madaftari. Wengi wao walikuwa walimu wa shule za Jumapili kutoka miji midogo, nao walikuja kusoma kwa majuma mawili chini ya miti, wakilala kwenye mahema na vibanda vya mbao.

Mkutano huo, uliofunguliwa tarehe 4 mwezi huo, uliandaliwa na watu wawili wa Kanisa la Methodisti: mchungaji John Heyl Vincent, na Lewis Miller wa Akron, jimbo la Ohio, mtengenezaji wa mashine za kuvunia. Nia yao ilikuwa moja tu, nayo ni kuwafunza walimu wa watoto kazi yao. Hata hivyo, miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo wanawake waliobeba jambo jingine moyoni.

Majira ya baridi yaliyotangulia

Jambo hilo lilianza Desemba 1873. Tabibu mmoja, Dio Lewis, alikuwa akizunguka katika miji midogo akitoa mihadhara juu ya afya na ulevi. Alisimulia jinsi mama yake, aliyekuwa na mume mlevi, alivyokwenda pamoja na wanawake wenzake kumwomba muuza pombe afunge biashara yake. Kisha akawauliza wanawake waliokuwa wakimsikiliza kama nao hawangeweza kufanya hivyo.

Huko Fredonia, mji ulio katika wilaya hiyo hiyo ya Chautauqua, wanawake walitoka kanisani na kwenda kwenye baa za mji. Siku chache baadaye, jambo hilo likatokea Hillsboro, Ohio. Huko aliyechaguliwa kuongoza alikuwa Eliza Thompson, mke wa hakimu na binti wa gavana wa zamani wa jimbo hilo, mwenye umri wa miaka 57. Hakuwa mzoefu wa kusema mbele za watu. Wanaume waliokuwamo kanisani waliombwa watoke nje, na baada ya sala wanawake wakapangana wawili wawili na kushika njia.

Walikwenda kwenye baa na kwenye maduka ya dawa, ambayo nayo wakati huo yaliuza pombe. Waliimba, wakasali, wakamsihi mwenye duka atie sahihi ahadi ya kuacha kuuza. Walipofungiwa mlango, walipiga magoti nje penye baridi kali. Baadhi ya wauzaji walikubali na kumwaga mapipa yao barabarani. Wengine walikataa, mwenye duka la dawa mmoja wa Hillsboro aliwafikisha mahakamani.

Kilichowasukuma hakikuwa dhana tupu. Katika Marekani ya wakati huo mwanamke hakuwa na kura ya kumchagua rais wala mbunge. Mara nyingi mshahara wa mume ulikuwa ndio riziki pekee ya nyumba, na mke hakuwa na uwezo mkubwa wa kisheria wa kuuzuia usiishie baa. Sala mlangoni pa muuza pombe ilikuwa miongoni mwa njia chache alizoachiwa za kusikika hadharani.

Kufikia katikati ya mwaka 1874 maandamano hayo yalikuwa yameenea katika mamia ya miji. Lakini moto ulikuwa umeanza kupoa. Baa nyingi zilizofungwa zilifunguliwa tena, na ahadi zilizotiwa sahihi wakati wa baridi zilisahauliwa kiangazi kilipofika. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, kazi yote ile ingepotea bure?

Kikao kando ya ziwa

Fair Point ndipo jibu lilipoanza kupatikana. Katikati ya mafunzo ya Biblia, wanawake walioshiriki maandamano katika miji mbalimbali walikutana na kugundua kwamba walikuwa wamefanya kazi ile ile bila kufahamiana. Martha McClellan Brown wa Ohio, Jennie Fowler Willing na Emily Huntington Miller walikuwa miongoni mwa walioona kwamba pasipo chama, kila mji ungeanza upya peke yake na kuchoka peke yake.

Waliitisha kikao, wakaunda kamati, wakaandika mwito kwa wanawake wa nchi nzima. Yeyote aliyekulia karibu na kikundi cha akina mama wa kanisa anaifahamu kazi ya namna hiyo: mwenyekiti, katibu, kitabu cha kumbukumbu, na barua zinazopelekwa huku na huku. Tofauti ni kwamba safari hii wanawake hawakuwa wakimwandalia mchungaji karamu. Walikuwa wakijiandalia nguvu yao wenyewe.

Mwito huo uliitikiwa. Kuanzia tarehe 18 hadi 20 Novemba 1874, wajumbe kutoka zaidi ya majimbo 10 walikutana katika kanisa la Presbiteri mjini Cleveland, Ohio, na kuunda Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi, uliojulikana kwa herufi WCTU. Annie Wittenmyer, aliyepata sifa kwa kuwahudumia wanajeshi majeruhi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawa rais wa kwanza. Katibu alikuwa mwalimu Frances Willard.

Kutoka sala hadi kura

Wittenmyer alitaka umoja huo ushughulikie pombe peke yake. Willard aliona mbali zaidi. Kama muuza pombe alilindwa na leseni, na leseni ilitolewa na watu waliochaguliwa, basi mama aliyetaka kulinda nyumba yake alihitaji kura. Mwaka 1879 Willard alichaguliwa kuwa rais, na miaka miwili baadaye umoja ukaunga mkono haki ya wanawake kupiga kura. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa na wanachama karibu 150,000.

Utepe wao mweupe ulivuka bahari pia. Mwaka 1885 mjumbe wao, Mary Leavitt, alifika New Zealand, na tawi lililoanzishwa huko likawa mstari wa mbele, chini ya Kate Sheppard, kudai kura. Mwaka 1893 New Zealand ikawa nchi ya kwanza yenye serikali yake kuwapa wanawake wote haki ya kuchagua wabunge.

Historia hii ina doa lake. Katika majimbo ya kusini wanawake weusi walitengewa matawi yao. Mwaka 1894, akiwa Uingereza, mwandishi wa habari Ida B. Wells alimshutumu Willard hadharani kwa matamshi yaliyowapaka matope watu weusi, wakati watu hao walikuwa wakiuawa na makundi ya wazungu bila kufikishwa mahakamani. Waliodai kulinda nyumba hawakuzihesabu nyumba zote sawa.

Na lengo lao la kwanza halikudumu. Marufuku ya pombe iliyoanza kutumika nchini Marekani Januari 1920 ilizaa magendo na ujambazi, ikafutwa mwaka 1933. Haki ya kura, iliyoingizwa katika katiba mwaka huo huo wa 1920, haikufutwa, ingawa wanawake wengi weusi wa kusini walizuiwa kuitumia hadi sheria ya mwaka 1965.

Fair Point baadaye ilibadilishwa jina na kuitwa Chautauqua, na hadi leo watu hukusanyika huko kila kiangazi kwa mafunzo, ibada na muziki. Vincent, mwanzilishi wake, hakuwa mtetezi wa kura ya wanawake. Alichotayarisha yeye ni madarasa ya shule ya Jumapili. Wanawake waliokuja kusoma walipata hapo kitu ambacho nyumbani hawakuwa nacho: majuma mawili ya kukaa pamoja, mbali na jiko na kufua, na kulizungumza jambo lao mpaka mwisho.